Nyumba za kale na makumbusho ya Flandria: mwongozo wa Antwerpen, Mechelen na Tervuren

Flandria ni upande wa kaskazini wa Ubelgiji, upande wa Kiholanzi. Wageni wengi hupelekwa Brugge, wakapandishwa mashua mferejini, wakanunua chokoleti, na jioni wamesharudi Brussels. Si vibaya. Lakini anayetaka kujua utajiri wa nchi hii ulitoka wapi na ulitumikaje, na aingie katika nyumba za wale waliokuwa nao. Matajiri wa huku walijenga mjini, ukuta kwa ukuta na jirani, na baadhi ya nyumba zao bado zina samani, vitabu na picha za enzi hizo. Humo ndani dirisha na ngazi hukueleza mengi kuliko maandishi yaliyobandikwa ukutani.

Mwongozo huu unafuata njia moja ya reli: Antwerpen, halafu Mechelen, halafu Tervuren, mji mdogo ubavuni mwa Brussels wenye jumba la makumbusho ya Afrika. Nimeupanga kwa siku tatu. Mwenye siku moja tu, asome hatua ya nne na ya nane, achague moja.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Makumbusho ya jiji la Antwerpen hufungwa Jumatatu. Tervuren nako hufungwa Jumatatu. Mechelen, kwa sehemu mbili nitakazozitaja, siku ya kufunga ni Jumatano. Kwa hiyo ukifika Ubelgiji Jumapili usiku, usikae hotelini ukilalamika kwamba kesho yake kila kitu kimefungwa. Jumatatu ni siku ya Mechelen. Antwerpen hufunga pia tarehe 1 Januari, 1 Mei, sikukuu ya Kupaa, 1 Novemba na 25 Desemba.

Saa za kawaida ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na dirisha la tiketi hufungwa mapema kidogo. Tovuti na tiketi huandika 10:00 hadi 17:00. Nalisema hili kwa ajili ya wazee wetu, ambao wakiona 10:00 huenda wakajipangia kufika alasiri.

Kisha ulizia ukarabati. Nyumba ya miaka 400 haikosi mafundi. Nyumba ya mchoraji Rubens, ambayo bado inatajwa katika kila kitabu cha watalii, ilifungwa Januari 2023 na ilitangazwa kwamba kazi ingeendelea hadi karibu mwaka 2030. Kilichofunguliwa ni bustani na jengo jipya la kupokelea wageni. Makumbusho mengine madogo ya mji huo nayo yana zamu yake ya mafundi. Fungua tovuti ya kila mahali wiki ileile ya safari. Ulichosoma miezi mitatu kabla usikitegemee.

Kuhusu viza: Ubelgiji imo ndani ya Schengen. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anayeishi Uingereza akumbuke kwamba kibali cha ukaazi cha Uingereza hakimwingizi huku. Viza ya Schengen anaiomba kivyake.

Hatua ya 2: Lala Antwerpen, zunguka kwa treni

Brussels ina hoteli nyingi zaidi, lakini Antwerpen unaweza kuimaliza kwa miguu, na Mechelen iko kati ya miji hiyo miwili. Treni ya kutoka Brussels hadi Antwerpen huchukua chini ya saa moja, na zipo za moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Brussels. Ndani ya Brussels vibao ni vya lugha mbili, hivyo utaona Antwerpen imeandikwa pia Anvers, na Mechelen ikaitwa Malines. Ni miji ileile. Ukishaingia Flandria Kifaransa kinapotea kwenye vibao, na watu wengi watakujibu kwa Kiingereza bila taabu. Wakongomani na Warundi waliozoea kuanza na Kifaransa, nawashauri huku wabadili utaratibu. Mauzauza ya lugha ya nchi hii ni ya zamani na hayawahusu.

Ukishuka Antwerpen-Centraal, usikimbilie mlango. Stesheni hii ilikamilika mwaka 1905, ina ukumbi wa mawe wenye kuba kubwa, na treni zinaingia kwa ghorofa, moja juu ya nyingine. Panda ngazi za umeme hadi juu kabisa, geuka nyuma, tazama. Hiyo ni bure.

Kutoka stesheni hadi mji wa kale ni kama dakika 25 kwa mwendo wa kawaida: De Keyserlei, halafu barabara ya maduka iitwayo Meir, halafu uwanja wa Groenplaats wenye mnara wa kanisa kuu. Anayetafuta chakula cha halali aelekee nyuma ya stesheni, mtaa wa Borgerhout, barabara ya Turnhoutsebaan, ambako Wamoroko na Waturuki wana bucha, mikate na migahawa isiyo na bei za kitalii.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya tiketi

Njia ni tatu. Unaweza kulipa kila mlango kivyake. Unaweza kununua kadi ya jiji, Antwerp City Card, ya saa 24, 48 au 72, inayokuingiza kwenye makumbusho na kukupandisha tramu na mabasi ya mjini. Au unachukua museumPASSmusées, kadi ya mwaka mzima inayotumika katika makumbusho mengi ya Ubelgiji yote. Ukifuata mwongozo huu wote, Antwerpen, Mechelen na Tervuren, weka jumla ya viingilio karibu na bei ya kadi ya mwaka kabla ya kulipa. Kwa mkaazi wa Ubelgiji, au wa nchi jirani anayerudi tena, sioni sababu ya kusita. Kwa mgeni wa siku mbili Antwerpen, kadi ya jiji inatosha.

Walio chini ya miaka 18 huingia bure katika makumbusho mengi ya hapa, na wenye miaka hadi 25 mara nyingi hupunguziwa, bebeni vitambulisho. Malipo ni kwa kadi ya benki, na usitegemee kila dirisha kupokea noti. Tramu na mabasi yanakubali kugusisha kadi hiyohiyo.

Begi la mgongoni litaachwa kwenye kabati la kufungia mizigo. Picha zinaruhusiwa karibu kila mahali mradi taa ya kamera imezimwa. Nyumba hizi zina ngazi nyembamba na sakafu za mbao zisizo sawa; kama unasafiri na mzee au mwenye kiti cha magurudumu, andika barua pepe mapema uulize vyumba gani vinafikika.

Hatua ya 4: Plantin-Moretus, na usiiharakishe

Hapa ndipo ningetumia asubuhi nzima. Uwanja wa Vrijdagmarkt, namba 22. Fika mlango unapofunguliwa, kwa sababu vyumba vina giza la makusudi, ili vitabu visiharibike, na mwanga wa asubuhi unaoingia kupitia ua wa ndani unasaidia sana.

Christophe Plantin alikuwa Mfaransa, fundi wa kujalidi vitabu, aliyehamia Antwerpen katikati ya karne ya 16. Mwaka 1555 akaanza kuchapa vitabu, na mwaka 1576 akahamia hapa Vrijdagmarkt. Alama yake ilikuwa bikari ya dhahabu, yenye maneno ya Kilatini Labore et Constantia: kwa kazi na uthabiti. Utaiona juu ya mlango, kwenye kurasa, kila mahali. Alipokufa mwaka 1589, mkwe wake Jan Moretus akarithi, na ukoo huo ukaendelea kuchapa mahali hapohapo hadi karne ya 19. Mwaka 1876 Edward Moretus aliiuzia serikali ya mji nyumba pamoja na vilivyomo, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa umma. Tangu 2005 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Faida ya historia hiyo kwako ni moja: vitu havikukusanywa kutoka huku na kule. Vimekaa palepale vilipofanyia kazi.

Pita vyumba vya sebule bila kukaa sana, ila tazama kuta zilizofunikwa ngozi yenye nakshi za dhahabu, na picha za jamaa za ukoo zilizochorwa na Rubens, ambaye alikuwa rafiki wa Balthasar Moretus, mjukuu wa Plantin. Kisha vuka ua wenye mzabibu ukutani uende upande wa kazi.

Chumba cha kusomea prufu ndicho nikipendacho kuliko vyote. Kuna meza kubwa ya mwaloni kando ya dirisha, na mabenchi ambako wasomi walikaa kutwa wakiwinda herufi zilizokosewa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Biblia ya lugha tano, mijalada minane iliyochapwa kati ya 1568 na 1573: Kiebrania, Kiaramu, Kisiria, Kigiriki na Kilatini. Plantin aliandika katika barua yake ya mwaka 1570 kwamba mabinti zake walisaidia kusoma prufu wangali watoto, na binti yake wa nne, Magdalena, ndiye aliyepeleka kurasa za Biblia hiyo nyumbani kwa msomi aliyeisimamia na kuzisoma kwa sauti katika lugha ambazo hakufundishwa maana yake. Mtoto aliyewahi kukaa chuoni akisoma Kiarabu cha msahafu kabla ya kukielewa, Lamu au Ujiji, hatahitaji maelezo zaidi kuhusu Magdalena. Mkwe mwingine wa Plantin, Franciscus Raphelengius, alianza kwenye meza kama hizi akisahihisha, akaishia kuwa profesa wa Kiebrania mjini Leiden, na kamusi yake ya Kiarabu na Kilatini ilichapwa mwaka 1613, miaka 16 baada ya kifo chake.

Mbele zaidi ni karakana yenyewe. Mashine za kuchapa za mbao zimepangwa safu moja, na mbili zilizo mwishoni, za karibu mwaka 1600, ndizo kongwe zaidi zilizobaki duniani. Upande wa pili ni makasha ya herufi za risasi. Simama katikati ufikirie kelele: enzi za kilele Plantin alikuwa na mashine zisizopungua 16, huku wino ukipakwa kwa mkono, karatasi zikining'inizwa juu zikauke, na kila ukurasa ukivutwa kwa nguvu ya mkono wa mtu. Ghorofani kuna chumba cha kuyeyushia na kumimina herufi. Wanafunzi wa usanifu hukaa hapo muda mrefu, kwa sababu Plantin alinunua herufi za Claude Garamond, na kompyuta yako hadi leo pengine ina mwandiko wenye jina hilo.

Usiondoke bila kuona ramani. Atlasi ya Abraham Ortelius, Mwantwerpen rafiki wa Plantin, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1570 kwa mchapaji mwingine, na kuanzia 1579 ikachapwa na Plantin. Ukikuta ukurasa wa Afrika umefunguliwa, tafuta pwani yetu. Majina ya miji ya pwani utayatambua. Ya bara ni zaidi ya kubahatisha.

Hatua ya 5: Mchana, nyumba ya Rockox na bustani ya Rubens

Kula kwanza. Chipsi za huku hukaangwa mara mbili na huliwa na mayonezi. Anayetaka pilipili na aombe, watampa kitu wanachokiita pilipili.

Kisha nenda Keizerstraat namba 10 hadi 12, ziliko nyumba mbili zilizounganishwa kuwa makumbusho moja, Snijders&Rockoxhuis. Katika moja aliishi Nicolaas Rockox, meya wa mji na mfadhili wa Rubens, aliyefariki mwaka 1640. Jirani yake alikuwa Frans Snijders, mchoraji wa wanyama, samaki na matunda, fundi ambaye Rubens mwenyewe alimwita amchoree tai au ngiri ndani ya picha zake. Ni nyumba tulivu, watalii wachache, na bustani ndogo katikati.

Nenda moja kwa moja kwenye picha ya methali ya Pieter Brueghel Mdogo. Ni nakala ya picha ya baba yake ya mwaka 1559, ambayo asili yake iko Berlin. Ni kijiji kizima ambamo kila mtu anatenda methali. Kuna anayegonga kichwa ukutani, kuna mwanamke anayemfunika mumewe joho la buluu kwa sababu anamsaliti, kuna anayemwagia nguruwe maua ya waridi. Tafuta mtu anayefukia kisima baada ya ndama kuzama. Huyo sisi tungemwambia majuto ni mjukuu. Methali zinapita mia moja. Kaa nayo pamoja na watoto, mshindanie nani ataona nyingi, na anayejua misemo ya kanga kwa moyo ana nafasi nzuri ya kushinda.

Ukirudi kuelekea stesheni, pitia bustani ya Rubens. Siku hizi unaingilia upande wa mtaa wa Hopland. Rubens alinunua kiwanja na nyumba mwaka 1610, akaongeza karakana, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1640. Wachache huambiwa kwamba sehemu kubwa ya nyumba inayoonekana leo ilijengwa upya baada ya mji kuinunua mwaka 1937, na kufunguliwa mwaka 1946. Vilivyo vyake hasa, kwa mawe na usanifu, ni lile lango la matao matatu uani na kibanda cha bustanini. Vyote viwili vinaonekana hata sasa nyumba ikiwa imefungwa, kwa hiyo usikae ukisikitika.

Hatua ya 6: Makubwa kwa haraka

Anayependa uchoraji aweke nusu siku kwa KMSKA, makumbusho ya kifalme ya sanaa, yaliyofunguliwa tena Septemba 2022 baada ya miaka 11 ya ukarabati. Rubens wa kimo cha ukuta wamo humo, na mkusanyiko mkubwa wa James Ensor, Mflandria aliyechora vinyago na mafuvu ya vichwa. Kwa Rubens bila umati wa picha nyingine, kanisa kuu linatosha. Lina kazi zake nne, na mbili kubwa, Kuinuliwa Msalabani na Kushushwa Msalabani, ziko humo.

Upande wa bandari za zamani kuna MAS, makumbusho ndani ya mnara wa mawe mekundu uliofunguliwa mwaka 2011. Ngazi za umeme na paa ni bure, na paa huwa wazi hata baada ya kumbi kufungwa. Pandeni jioni mtazame mto Schelde na bandari.

Kwenye kuta za MAS utaona vikono vya chuma, na mjini utaona vikono vya biskuti na chokoleti. Hadithi ya wenyeji ni ya jitu Antigoon, aliyewakata mikono mabaharia wasiolipa ushuru, mpaka Brabo akalikata mkono lenyewe na kuutupa mtoni; sanamu yake iko mbele ya ukumbi wa mji tangu 1887. Hadithi hiyo ni kongwe kuliko ukoloni. Hata hivyo Mkongomani anayekumbuka mikono iliyokatwa Kongo enzi za mpira wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, haoni mapambo tu, na hana sababu ya kujilazimisha. Meli za mpira na pembe za ndovu zilitia nanga katika bandari hii hii. Karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, aligundua hapa kwamba meli zilifika zimejaa mali na kurudi Kongo zimebeba silaha na risasi, karibu bila bidhaa za biashara, akaelewa kwamba kule watu hawakulipwa.

Dakika chache kutoka MAS ni Red Star Line Museum, katika maghala yaleyale ambamo wahamiaji walioelekea Marekani walipimwa afya na mizigo yao kufukizwa dawa. Kampuni ilisafirisha watu wapatao milioni mbili kati ya 1873 na 1934. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya viza ataielewa haraka.

Hatua ya 7: Mechelen

Ni dakika ishirini hivi kwa treni. Hof van Busleyden ni kasri la mjini la Hieronymus van Busleyden, mwanasheria na msomi, rafiki wa wasomi wenzake Erasmus na Thomas More. More alifika hapa mwaka 1515 akaisifia nyumba kwa mashairi. Fedha alizoacha Busleyden alipofariki mwaka 1517 zilianzisha chuo cha lugha tatu huko Leuven. Kitu cha kutafuta humo ni Besloten Hofjes, makabati ya karne ya 16 yaliyotengenezwa katika nyumba ya watawa wauguzi: maua ya hariri, nta, mifupa ya watakatifu iliyofungwa vitambaa, sanamu ndogondogo, vyote vimesongamana ndani ya fremu moja. Usiitazame kwa mbali. Sogea, chagua kona moja, uisome taratibu.

Kazerne Dossin ni habari nyingine kabisa. Kutoka kambi hii ya kijeshi, kati ya 1942 na 1944, Wanazi walisafirisha Wayahudi na Waroma (Wajipsi) zaidi ya 25,000, wengi wao kwenda Auschwitz, na wachache sana walirudi. Makumbusho ya sasa, yaliyofunguliwa mwaka 2012, yana ukuta wa picha zao unaopanda ghorofa zote. Watoto wadogo waachwe na mtu mzima mmoja uwanjani. Na usiiweke siku moja na Tervuren. Moyo una kipimo.

Mwenye magoti mazuri apande mnara wa kanisa kuu la Sint-Rombouts, ngazi 538.

Hatua ya 8: Tervuren

Kutoka Brussels Central panda metro ya mstari wa 1 hadi Montgomery, kisha tramu namba 44 hadi mwisho. Sehemu ya njia inapita ndani ya msitu, na ni mojawapo ya safari nzuri za tramu katika nchi hii. Siku za kazi jumba hili huchelewa kufungua kuliko ya Antwerpen, kwa hiyo tazama saa zake kabla hujatoka.

Mwaka 1897 mfalme Leopold II aliandaa hapa maonyesho ya koloni lake. Watu 267 waliletwa kutoka Kongo, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho bustanini ili Wabelgiji wawatazame. Saba walifariki. Jumba la sasa, kazi ya msanifu Charles Girault, lilifunguliwa mwaka 1910. Lilifungwa miaka mitano na kufunguliwa tena Desemba 2018 likiwa na maelezo mapya. Unaingilia jengo la vioo, unashuka chini ya ardhi, unapita mtumbwi wa urefu wa mita 22.5 uliochongwa kwa gogo moja, halafu ndio unaibuka ndani ya kasri.

Anza na ukumbi wa kuba. Sanamu za dhahabu ukutani zinamwonyesha Mbelgiji akileta ustaarabu, na kwa kuwa jengo linalindwa na sheria haziwezi kubanduliwa. Jibu lililowekwa ni kichwa kikubwa cha mbao cha Aimé Mpane, msanii wa Kongo, pamoja na mapazia mepesi yenye michoro aliyoyatengeneza na Jean Pierre Müller na kuyatundika mbele ya sanamu. Baadhi ya wageni wangu huridhika na jibu hilo, wengine huona limekuja kwa sauti ndogo. Mimi naona lina nguvu pale tu unaposimama ukitazama vyote viwili, pazia na lililo nyuma yake.

Kisha nenda ukumbi wa kumbukumbu. Ukutani kuna majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo. Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, aliandika kwenye vioo vya madirisha mkabala majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji, na jua likiwaka vivuli vyake hulala juu ya majina ya Wabelgiji. Kwa hiyo chagua siku ya jua kama una uhuru wa kuchagua.

Msomaji wa Pwani ajiandae kukuta watu wake wakiwa kwenye kiti cha mshtakiwa. Simulizi ya kikoloni ilijihalalisha kwa vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa, na sanamu ya Charles Samuel ya mwaka 1897 inaonyesha mwanamke akikingwa dhidi ya "Mwarabu". Biashara hiyo ilikuwepo na ilikuwa katili, hakuna haja ya kuipamba. Lakini Tippu Tip, Mzanzibari mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, aliteuliwa mwaka 1887 na dola hiyohiyo ya Leopold kuwa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo), miaka michache tu kabla ya kupigwa vita kwa wenzake mwaka 1892. Ukiwa na sentensi hiyo mfukoni, vibao vya ukumbi wa historia utavisoma tofauti.

Uliza mapokezi iliko sanamu ya Lusinga. Lusinga alikuwa mtemi wa Watabwa, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyepitia Zanzibar na kuongoza kituo cha Karema, upande ambao leo ni Tanzania, alivuka ziwa akajenga Mpala mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimuua Lusinga, wakamkata kichwa. Sanamu ya mbao ya mababu wa mtemi huyo ilifika Tervuren. Fuvu lake liko katika taasisi ya sayansi asilia mjini Brussels. Mwaka 2022 Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kikoloni, na mwaka huohuo mfalme Philippe alipeleka Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mabishano yanaendelea, na walinzi wa ukumbini hawachoki kuulizwa.

Ukitoka, tembea dakika chache hadi kanisa la Sint-Jan-Evangelist katikati ya mji. Makaburi ya wale saba wa 1897 yako pembeni mwa kanisa, kando ya ukuta. Watalii wengi hupanda tramu bila kujua yapo.

Mwenye utafiti wa ukoo au wa eneo, hasa Kivu, Katanga, Rwanda na Burundi, ajue kwamba Tervuren kuna maktaba na nyaraka pia, zikiwemo karatasi za Henry Morton Stanley, mvumbuzi aliyemtumikia Leopold huko Kongo. Hazisomwi papo kwa papo mlangoni. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, taja jina la mahali kwa tahajia zote unazozijua, ya kikoloni na ya sasa, taja miaka unayotafuta, na uombe siku ya kazi. Mwishoni mwa juma wanaofungua ni wa tiketi peke yao.